Mgeni Asiyevunja Vyombo

Jina la Mama Funza alilipata kwa wifi yake, na kwa kuwa lilitolewa kwa chuki, lilimganda. Wanawake wa rika lake mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye mtoto hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni mabuu ya nondo, meupe na manene, kila moja urefu wa pingili ya kidole, aliyoyafuga katika maabara ya hospitali kwa kuyalisha pumba na asali ndani ya chupa za kioo. Siku moja wifi, ambaye alikuwa muuguzi katika hospitali hiyo hiyo, alipita kupeleka sampuli akamkuta ameyamwaga mezani anayachagua. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Jioni mama mkwe alimpokonya mwiko.

"Tafuta mikono mingine ya kupikia," alimwambia. "Hiyo kawalishie wanao."

Toka hapo sahani yake, kikombe chake na kijiko chake viliwekwa kando kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, visije vikachanganyika na vya watu. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole wa ule upole usiomsaidia yeyote, alisema mama ni mtu mzima, atazoea. Mama hakuzoea. Aliyezoea ni Mama Funza, maana mtu huzoea hata kiatu kinachombana, akawa anasubiri wenzake wamalize kula ndipo apakue chake na kula amesimama.

Mama mkwe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Alikuwa mwembamba, mwenye jicho kali na ulimi mkali zaidi, na hakuna sare ya shule mtaani ambayo haikupita mikononi mwake. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na aliyekanyaga ni mguu wa kulia; wa kushoto ulishakufa ganzi siku nyingi kwa sababu ya kisukari. Kumbe na wa kulia nao ulikuwa njiani. Siku alipokanyaga sindano yake mwenyewe, hakusikia kitu mpaka alipoona soksi imelowa. Akakificha kile kidonda, kama wanavyofanya watu wasiopenda kuhurumiwa, hadi harufu ilipomtangaza.

*

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mrefu mwenye haraka, aliyezungumza huku akitazama mlango. Aliwakusanya kando ya kitanda, mtoto wa kiume, mtoto wa kike na mkaza mwana nyuma yao, akawaeleza kwamba dawa zimegonga mwamba. Maabara walijaribu kila dawa iliyopo hospitalini juu ya bakteria wa kidonda kile na hakuna iliyomtikisa. Yeye alitaka kukata vidole na nusu ya mbele ya unyayo, upesi, kisigino kibaki.

"Kwa kisigino atatembea," alisema. "Hata cherehani atakanyaga. Mkinichelewesha, siwaahidi hata goti."

Mama Cherehani alikuwa amelala anatazama dari. Alisema bila kugeuka kwamba huyu kijana anapima mguu wake kama kitambaa, na kupima ni kazi yake yeye. Hakuna mtu atakayemkata kitu ambacho hajakikubali, na yeye hajakubali.

Walitoka wodini wakasimama ukumbini. Wifi alikuwa na sare yake nyeupe, maana zamu yake ilikuwa katika wodi ile ile, na ndiye aliyemwosha mama kidonda kila siku. Alimgeukia mke wa kaka yake kwa uchovu wa mtu anayetafuta pa kutua mzigo. Akamwuliza yeye kule maabara anafanya nini hasa, zaidi ya kulisha funza.

Swali liliulizwa kwa kudharau, lakini lilikuwa na jibu, na jibu ndilo lililoleta balaa. Wengine maabara walipima ni dawa gani inaua bakteria gani. Wakishajua kwamba huyu hauawi na chochote, walimpa yeye, naye akatafuta jambo la pili: je, ni mkali kiasi gani? Maana usugu ni jambo moja na ukali ni jambo jingine. Alichukua sindano nyembamba kuliko unywele wa paka, akamdunga kila funza tone la bakteria chini ya tumbo, akawaweka katika kabati lenye joto la mwili wa binadamu. Mwili wa funza yule hupigana na ugonjwa kwa namna inayofanana kidogo na wetu. Bakteria akiwa mkali, funza hubadilika rangi, kahawia kisha nyeusi tii, kama ndizi iliyosahaulika, halafu hufa. Akiwa si mkali, funza huendelea kutambaa akitafuta asali.

Sampuli ya mama ilimfikia mezani siku ile ile. Alisoma jina kwenye kibandiko, akadunga. Kesho yake alifungua kabati akakuta funza wote ni weupe. Aliwagusa mmoja mmoja kwa kibanio na kila mmoja alijikunja kwa hasira ya mzima. Alifurahi hata akaona aibu kufurahi peke yake.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwonya tangu alipoajiriwa, na alimwonya kila mwaka. Kazi ile ni ya utafiti, ya kujua ni bakteria wa aina gani wanatembea katika wodi. Si ya kuamua matibabu ya mtu. Funza si mgonjwa, na majibu ya pale hayatoki mlangoni kwa mdomo. Mama Funza aliyajua hayo kama anavyojua njia ya nyumbani.

*

Jioni ya siku hiyo mume na wifi walikaa mezani wakila. Yeye alikuwa amesimama jikoni na sahani yake, mlango wazi, akawasikia wakibishana. Mume alisema tuweke saini, daktari anajua. Wifi alisema daktari anajua kukata tu, na mama akikosa mguu wa kukanyagia cherehani atakufa kwa uchungu kabla ya kufa kwa kidonda. Wote wawili walikuwa wamekwisha lia.

"Bakteria wa mama ni sugu, lakini si mkali," Mama Funza alisema kutoka jikoni.

Walimgeukia. Hakuna aliyewahi kumgeukia hivyo katika nyumba ile, na ilimlewesha. Aliweka sahani chini akaja mpaka mlangoni. Alitafuta maneno ambayo hata mama mkwe angeyaelewa, akayapata, na kwa bahati mbaya yalikuwa maneno matamu.

"Kuna mgeni ambaye ukimwambia aondoke haondoki," alisema. "Unamtolea virago nje, unazima taa, bado yupo. Lakini amejikalia konani, havunji chombo hata kimoja. Wa mama ndiye huyo. Dawa hazimtoi, ila hana madhara. Mwili ukipata nguvu utamtoa wenyewe."

Angeishia kwenye mgeni, labda tungemsamehe. Lile la kusema hana madhara halikuwa lake kusema, na lile la mwili kumtoa alilitunga pale pale mlangoni kwa sababu nyuso zao zilikuwa zinafunguka. Mumewe alivuta kiti kutoka chini ya meza.

"Njoo ukae," alisema.

Akaenda akakaa. Wifi alimsogezea bakuli la mchuzi bila kumtazama usoni, na hilo kutoka kwa wifi lilikuwa sawa na kukumbatiwa.

Kesho yake maneno yalifika kitandani kwa Mama Cherehani. Mama aliyasikiliza, akayarudia mwenyewe polepole kama mtu anayejaribu kama kifungo kinaingia kwenye tundu lake, kisha akauliza uji waliomletea kapika nani. Wakamwambia. Akanyoosha mkono. "Lete, mwanangu," alisema, akaunywa wote.

Daktari alipokuja na karatasi ya kukubali upasuaji, mtoto wa kiume alimjibu kwa adabu kwamba familia imeonelea wasubiri. Daktari aliuliza wanasubiri nini. Mama mwenyewe akamjibu kwamba mgeni wake ni mkaidi tu, havunji vyombo. Daktari alitazama uso mmoja hadi mwingine akitafuta sentensi ile imetoka wapi, maana haikuwa na harufu ya mtaani. Aliuliza ni nani kawaambia. Mama Funza alikuwa nyuma ya wote na bakuli tupu, akaliangalia bakuli. Hakuna aliyemtaja. Walidhani wanamlinda.

Siku chache zile nyumba ilikuwa nyumba. Sahani yake ilitoka dirishani ikaingia kabatini pamoja na nyingine. Wifi alimwita wifi, si yule. Mume alipiga miluzi akitengeneza jokofu la jirani uani. Mama Funza alipika kwa mikono miwili na akala ameketi, na usingizi wake ulikuwa mzito. Kitu kidogo ndani yake kilimuuliza mara kwa mara kama ana uhakika, naye alikijibu kwamba funza walikuwa weupe, yeye mwenyewe aliwaona.

*

Homa ilianza kwa baridi. Halafu Mama Cherehani akaanza kugombana na wateja ambao hawakuwepo, akimwambia mmoja kwamba suruali hiyo haikuharibiwa naye, ni mwanao aliyenenepa. Wagonjwa wenzake walicheka mpaka walipoona macho yake. Wekundu ulipita kifundo cha mguu na kupanda kwenye muundi, na harufu ilirudi mbaya kuliko ya mwanzo.

"Ulisema havunji vyombo," mumewe alimwambia ukumbini. Hakuinua sauti. Afadhali angeinua.

Alimtafuta wifi. Alimkuta kwenye chumba kidogo cha dawa akikunja bandeji, amempa kisogo. Alimuuliza ile sampuli ya mama ilichukuliwaje.

"Kama tunavyochukua."

"Ulichukua ndani ya kidonda au ulipangusa juu?"

Wifi aliacha kukunja. Alisema alikiosha kwanza, akakiosha vizuri kwa dawa mpaka nyama ikawa nyekundu safi, akafuta, ndipo akapangusa juu kwa kijiti cha pamba.

"Kwa nini, wifi? Hatuoshi kwa dawa kabla ya kuchukua."

"Kwa sababu nilijua kinakwenda kwako," wifi alisema. Midomo ilimcheza. "Ulitaka uchafu wa mama yangu ufunguliwe mezani kwako uunuse? Uucheke na funza wako? Mama yangu ni mtu msafi."

Kumbe alichowadunga funza si kile kilichokuwa kinaula mguu. Lakini kama kidonda kilioshwa kwa dawa hivyo, yule bakteria sugu aliyeota maabara alitoka wapi? Macho yake yalitua kwenye meza ya magurudumu iliyokuwa mlangoni, yenye galoni ya kahawia ya dawa ya kuoshea vidonda. Aliuliza ile galoni huoshwa lini.

Wifi hakuelewa swali. Galoni haioshwi, huongezwa. Ikifika nusu, anayeingia zamu anamimina nyingine juu yake. Ndivyo alivyoikuta, na aliyemfundisha ndivyo alivyoikuta. Katika wodi ile kumwachia mwenzako galoni tupu ilikuwa utovu wa adabu, kama kumwachia jirani ndoo tupu kisimani. Basi haikuwa imewahi kuwa tupu hata siku moja. Mama Funza aliinua kifuniko akaona mdomo wa ndani una utelezi wa kijani, mwembamba kama ukungu wa mkate. Hata dawa ya kuua vijidudu, ikikaa muda mrefu na vijidudu wale wale, hugeuka kitanda chao.

Alimimina kidogo katika kichupa. Wifi alimshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Nachukua sampuli."

"Ya kunipeleka wapi?" wifi aliuliza, na kwa mara ya kwanza alionekana anaogopa. Mama Funza alifunga kichupa, akaandika juu yake jina la muuguzi wa zamu.

*

Alikwenda kwa daktari wa upasuaji akamkuta na mkubwa wa maabara wanazungumza mlangoni, na ilibidi aseme mbele yao wote. Alisema ni yeye aliyewaambia. Alisema maneno yenyewe, la mgeni na la vyombo, na katika chumba kile chenye vitabu yalisikika ya kipuuzi. Mkubwa wake aliweka mkono kwenye paji la uso. Daktari kwa mara ya kwanza hakutazama mlango, alimtazama yeye.

"Ningekata vidole," alisema. "Unajua sasa nitakata wapi?"

Alijua. Daktari alimwonyesha hata hivyo, kwa ukingo wa kiganja juu ya paja lake mwenyewe, juu ya goti. Kisha alimwambia jambo ambalo lilimuuma kuliko matusi. Yeye daktari hahitaji funza kujua kwamba mguu unaoza. Pua inamtosha. Lakini familia sasa haisikii la daktari, inasikia la funza, basi akawatafutie funza waseme vingine.

Daktari mwenyewe alifungua kidonda, akafika ndani kwenye mfupa, akachukua usaha akampa. Mama Cherehani hakusikia maumivu, ganzi ilikuwa nusu ya ugonjwa wake, lakini alisikia aibu, akafunika uso kwa shuka. Mama Funza aliotesha sampuli mbili, ya mfupani na ya galoni. Asubuhi yake aliwadunga funza. Kundi moja la mfupani, kundi moja la galoni, na kundi moja maji safi ya chumvi, ili ijulikane kwamba sindano peke yake haiui. Akafunga kabati akakaa kitini akilitazama. Wenzake walikwenda kula wakarudi wakamkuta pale pale.

Mchana, wa mfupani walianza kupata madoa. Jioni walikuwa weusi wote, wamejinyoosha, na alipowagusa kwa kibanio hawakujikunja. Wa maji walikuwa weupe. Wa galoni nao walikuwa weupe, wanatambaa, wale wale aliowaona mara ya kwanza na kuwashangilia. Mgeni asiyevunja vyombo alikuwa wa wifi, wa galoni. Yule wa mama alikuwa mwingine, mwenye yote mawili, usugu wa kuzishinda dawa zote alizopewa mama, na ukali, na alipewa siku chache za kula bila kusumbuliwa na mtu.

Kitu cha maabara ile hakitoki nje, na safari hii alitii. Aliwapiga picha kwa simu, akafunga kabati, akaenda wodini.

*

Homa ilikuwa imemwachia Mama Cherehani kidogo, akili ilikuwa imerudi. Wanawe walikuwa upande huu na huu wa kitanda. Karatasi ya kukubali ilikuwa juu ya kabati dogo chini ya kikombe, na mtoto wa kiume alisema wamemsihi mama mpaka wamechoka. Mama hataki. Mama anasema mgeni ataondoka.

Mama Funza hakuwa na maneno matamu tena. Alimwekea simu mbele ya macho.

Mama mkwe aliishika mwenyewe, akaisogeza mbali kidogo kama anavyofanya akitunga uzi. Aliuliza hawa weupe ni nini. Akajibiwa kwamba ni waliodungwa maji. Akauliza hawa wengine weupe. Akajibiwa kwamba ni waliodungwa kilichokuwa juu ya kidonda, ndio wale aliosema habari zao. Kidole chake kikavuka.

"Na hawa?"

"Wamedungwa kilichotoka mfupani mwako, mama."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Mama Cherehani aliwatazama wale weusi kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa vitambaa, akiona rangi hadanganyiki. Wifi alianza kusema kitu, mama akamnyamazisha kwa kidole.

"Ungefunga mdomo wako tangu mwanzo," alimwuliza mkaza mwana, "ningekuwa na nini?"

Mume alitikisa kichwa kumzuia. Mama Funza alimwona, na alijua kwamba uongo mdogo pale usingemwumiza yeyote, labda ungempatia tena kiti mezani.

"Ungekuwa na kisigino," alisema.

"Mgeni wako kavunja vyombo," mama mkwe alisema. Akamrudishia simu, akaomba kalamu. Aliandika jina lake kamili polepole, herufi zimesimama sawasawa kama mshono. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Sasa toka."

*

Mguu ulikatwa juu ya goti, na mama akaishi. Hospitali ilikusanya galoni za wodi zote ikazitupa, na kukatolewa amri kwamba hakuna kuongeza juu ya iliyobaki. Wagonjwa wengine waliokuwa na yule bakteria wa galoni walitafutwa. Baadhi yao walikuwa dhaifu kuliko wale funza, na mmoja alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama ni bakteria yule aliyemuua. Wauguzi wote walikuwa wakiongeza, lakini jina lililoandikwa kwenye kichupa cha Mama Funza lilikuwa moja, la wifi. Wifi alitolewa wodini akapelekwa chumba cha nguo, kuhesabu mashuka. Mkubwa wa maabara alimwambia Mama Funza kwamba alifanya vizuri kuhusu galoni na vibaya kuhusu mengine yote, akampa barua ya onyo. Funza akapewa mwingine awafuge.

Nyumbani, sahani yake ilirudi dirishani. Hakuna aliyeirudisha mbele yake. Aliikuta tu asubuhi moja. Wifi alipokuja kumwona mama alipita kando yake kama anayepita nguzo. Alimwambia kaka yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba mwanamke huyu amemla mama mguu na dada kazi kwa mpigo mmoja, bado mume. Mume siku hizo alikuwa akilala sebuleni, eti mama akiita amsikie.

Mama mwenyewe hakuita mtu. Alirudi nyumbani na magongo mawili na kimya. Mabegi ya vitambaa vya sare yalijaa kwenye kona, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na akina mama waliopimisha watoto wao kwake walipita, wakatazama, wakaulizia afya, wakaondoka wakiwa wamebeba vitambaa vyao. Kila aliyeondoka na kitambaa, Mama Cherehani alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Alijaribu mara moja kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mguu ule usiosikia kitu ulikosa kikanyagio, ukateleza, sindano ikavunjika ndani ya kitambaa. Aliitoa vipande vipande kwa kucha.

Mama Funza aliyaona hayo kutoka jikoni. Alitoka na kitambaa cha kufutia mikono, akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kutafuta mtu wa kufunga mota ya umeme kwenye cherehani ile. Mama mkwe alimkata jicho. Alisema mota inashona kama mwizi anayekimbia, na mshono wake yeye watu wanaujua.

Kisha alimwita, si kwa jina.

"Wewe. Nawa mikono."

"Nimenawa, mama."

"Nawa tena."

Alinawa tena, kwa sabuni, mpaka viwiko, kama anavyonawa kazini. Aliporudi akakuta kuna kigoda kimesogezwa ubavuni mwa kiti cha mama mkwe, upande wa kulia, pale ambapo gauni lilianguka bila kitu ndani yake. Mama Cherehani alikuwa amekwisha tunga uzi mpya na kuweka kola ya shati chini ya sindano. Hakumtazama.

"Sikusamehe," alisema. "Usije ukadhani. Lakini ulimi wako umenichukulia mguu. Leta wako."

Mama Funza alivua ndara, akakaa, akapitisha mguu wake wa kulia chini ya meza. Nafasi ilikuwa wazi. Chuma cha kikanyagio kilikuwa baridi na kimelika mahali pa kisigino, na kisigino chake kikatumbukia pale pale. Akakanyaga. Gurudumu lilizunguka, sindano ikaanza kushuka na kupanda, na mikono ya mama mkwe ikaongoza kola.

"Mbio hizo za nini?" mama mkwe alisema. "Punguza."

Akapunguza. Walishona hivyo mpaka kola ikaisha, mama mkwe akakata uzi kwa meno na kuchukua nyingine.